Gari la Mama Mkwe

Gari la kwanza nililonunua maishani nilikagua mlango wake wa nyuma mara tatu, na boneti sikuifungua hata mara moja. Wenzangu kazini walinicheka kwa hilo miaka na miaka, nami niliwaacha wacheke, maana kuwaeleza kungenilazimu nimtaje mama mkwe wangu mbele ya wanaume wanaokunywa chai, na sikulelewa hivyo. Sasa mama huyo amekwisha kutangulia, mimi mwenyewe ni mzee, na sioni tena wa kunikataza.

Nilikuwa karani wa mizani Thika, katika kiwanda kilichonunua maganda ya miti ya miwati kwa ajili ya dawa ya kulainishia ngozi za ng'ombe. Kazi hiyo humfanya mtu awe mbishi. Kutwa nzima unasimama kati ya mwenye mzigo na mzani wake, na kila mwenye mzigo anaamini mzani una njama naye. Mke wangu alisema nilikuwa nikirudi nyumbani na ubishi ule ule, nabishana hata na sufuria. Sikatai. Nilikuwa mtu wa magharibi, upande wa Kakamega. Vitani, kule Burma, niliendesha lori la jeshi, nikarudi na leseni, magoti mabovu, na tabia ya kutopenda kuambiwa kwamba jambo fulani haliwezekani.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alifanya kazi Ruiru kwenye shamba la kahawa, akisimamia meza za kuanikia. Mama yao alipofiwa na mumewe alikuja kuishi naye huko. Kwangu mimi Thika asingeweza kuishi, hata kama nyumba yangu ingekuwa na vyumba ishirini. Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawakalii kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye nyasi mpaka mwenzake apite. Watu wa makabila mengine hudhani ni ugomvi. Ni heshima, na mimi heshima niliyompa mama yule sikumpa hata mama yangu mzazi.

Ikibidi wasemezane, hupitia kwa mtu mwingine. Mtu akikosekana, hupitia kwa chochote kilicho karibu. Nakumbuka nilipokwenda kwao mara ya kwanza baada ya harusi, nilikuwa nimekaa nje nikitazama miguu yangu, nikasikia sauti ya mama ikitoka jikoni ikimwambia kuku: "Wewe kuku, mwambie mgeni maji ya kunawa yako mlangoni." Nami nikamshukuru kuku. Miaka sita baadaye, nilichokuwa nikijua juu ya mama mkwe wangu kilikuwa pindo la gauni lake, nyayo zake na sauti yake ya kanisani. Yeye aliujua mgongo wangu.

Kisha macho yake yakaanza kuzimika. Ulikuwa ule ugonjwa wa mtoto wa jicho, ukungu mweupe unaotanda juu ya mboni. Mwanzo alijikwaa, baadaye akawa anamimina chai nje ya kikombe, na mwisho jicho moja likafa kabisa na la pili likabaki kutofautisha mchana na usiku tu. Wakati huo huo mke wangu akajifungua binti. Tulikuwa tumezika watoto wawili kabla yake, kwa hiyo huyu tulimshika kama mtu ashikavyo yai. Alipofikisha miezi mitatu, mke wangu akapanda naye basi hadi Ruiru ili bibi yake amwone.

Bibi hakumwona. Mke wangu alinisimulia jioni hiyo akiwa anafua nepi kwa hasira, kana kwamba nepi ndizo zilizokosa. Mama alimpakata mtoto, akampitisha vidole paji la uso, masikio, mdomo, halafu vidole vikasimama juu ya pua, ambayo ilikuwa pana na imekaa chini. Akauliza, "Hii pua ni ya nani?" Pua ilikuwa yangu. Lakini kumwambia hivyo kungekuwa kumwambia uso wangu ulivyo, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuanzisha jambo hilo. Mama akasubiri jibu, hakupata, akamrudisha mtoto kwa mama yake, akasema afadhali angekufa mwaka uliopita kabla hajajua kwamba kuna uso asioweza kuuona.

Maneno hayo yaliniuma. Niliyabeba kazini siku tatu, nikagombana na watu watano.

Daktari wa macho alikuwa akifika hospitali ya Thika mara moja kwa mwezi. Shemeji alimleta mama kwa basi, daktari akamulika, akasema jicho moja linaweza kuokolewa kwa upasuaji. Ila alikuwa na sharti. Baada ya kukatwa, mgonjwa angelala wodini siku kumi, kisha arudishwe nyumbani akiwa amelala chali, kichwa kisitikisike, la sivyo kidonda kingefunguka na jicho lingekwenda. Basi hakutaka hata kulisikia. Gari la wagonjwa lilikuwa moja tu na lilikuwa na mambo yake. Daktari akasema, tafuteni chombo cha kumlaza ndipo niguse jicho, na msichelewe, kwa sababu nitakuja Thika mara tatu tu halafu narudi kwetu Ulaya.

Kiwandani niliomba lori, wakanijibu kwamba lori ni la maganda, na ni kweli lori lile lilikuwa likikutikisa hadi meno yanagongana. Nilifikiria teksi, lakini teksi za wakati ule zilikuwa na viti vya kukaa, si vya kulala. Gari la kawaida la kuazima ningeliendesha mwenyewe, na mama yule asingekubali hata kwa viboko kuketi nyuma ya shingo yangu, magoti yake yakigusa kiti changu, akiingia na kutoka kwa mlango ninaoingilia mimi. Mke wangu aliniambia hivyo waziwazi. Mama alikuwa radhi awe kipofu mwenye heshima.

Ndipo nikasikia habari ya gari la mama mmoja wa Kizungu.

Alikuwa na shamba la kahawa kupita Ruiru, peke yake na mbwa wake, na alikuwa anauza kila kitu arudi kwao. Shemeji alikuwa amekwenda kuangalia meza za kuanikia kahawa zilizokuwa zikiuzwa, akaliona gari chini ya mti, akanipelekea salamu. Nikaomba ruhusa nusu siku. Lilikuwa gari dogo, fupi, la rangi ya uji wa wimbi, lenye milango miwili mbele. Kiti cha nyuma kililala chini, pakabaki sakafu tupu kama kitanda, na mwisho kabisa palikuwa na mlango wa tatu, mpana, unaofunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Chuma cha kuushikilia kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo ulisimamishwa kwa fimbo.

Niliufungua, nikaufunga. Nikaufungua tena, nikaingia ndani, nikalala chali, nikafumba macho. Palinuka mbwa. Unyayo wangu uligusa mgongo wa kiti cha mbele na utosi wangu ukagusa mlango, na mama alikuwa mfupi kunishinda. Nikatoka, nikaufunga, nikaufungua mara ya tatu ili niwe na hakika kwamba mtu anaweza kuingia na kutoka huko bila kupita kwa dereva.

"Wewe nataka lala ndani ya gari?" mwenye gari akaniuliza kwa Kiswahili chao.

Nikamjibu kwamba si mimi, ni mama mzee, lazima alazwe. Uso wa mwanamke yule ukabadilika. Akasema pole, pole sana, akanishika bega, akapunguza bei bila mimi kuomba. Nilifika katikati ya njia ya kurudi ndipo nikafahamu kwamba alidhani natafuta gari la kubebea maiti. Niliona haya, lakini sikurudi kumsahihisha. Nilikuwa nimeuza baiskeli na nimetoa akiba yote ya mabati ya nyumba yangu ya nyumbani, na punguzo lile ndilo lililonifikisha.

Alipokuwa akinikabidhi ufunguo alilipapasa paa la gari lake na kuniambia kwamba asubuhi huwa linakataa kidogo, niongee nalo polepole. Nikacheka moyoni. Nilifikiri ni upweke.

Thika kulikuwa na fundi wa Kihindi mwenye kilemba, hodari, ambaye tulimpelekea kila chenye magurudumu. Alilizunguka gari langu, akafungua boneti, akainama, akabaki huko ndani muda mrefu hadi nikadhani amelala. Alipotoka alikuwa anacheka na kufuta machozi. Akanieleza kwamba gari hilo ni yatima. Kiwanda kilicholitengeneza kilikuwa kimefungwa huko Ulaya, watu wamekwenda zao, mashine zimeuzwa, na hakuna aliyeendelea kutengeneza hata msumari wake.

"Spea hapana Nairobi, hapana Mombasa," akasema. "Siku yeye nakufa, wewe naweka kuku ndani."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia sikununua injini, nilinunua mlango. Fundi akaacha kucheka. Akaenda nyuma, akaufungua, akausimamisha kwa fimbo, akautazama kwa makini jinsi fundi anavyotazama kitu, akaufunga kwa upole. "Mlango mzuri," akasema. Nikampenda tangu siku hiyo. Na kuhusu kuku alisema kweli, maana gari lile lilikuja kumalizia siku zake nyuma ya nyumba yangu na kuku wakatagia humo miaka minne, lakini hiyo ilikuwa baadaye sana.

Stata ilikufa wiki ya kwanza. Tukabaki na hendeli, kile chuma kilichopinda kinachochomekwa mbele ya gari na kuzungushwa kwa nguvu ili injini iwake. Gari lile liliwaka kwa hendeli, ila halikukubali mtu mmoja. Mimi nikizungusha mbele, lazima mwingine awe kwenye kiti cha dereva, mguu juu ya pedeli ya mafuta. Injini ingekohoa mara mbili, na baada ya kikohozi cha pili mguu unakanyaga nusu. Ukikanyaga kabla, inalowa mafuta, ukichelewa, inazimika. Mke wangu alijifunza hayo hapo kwenye nyumba za kiwanda, mtoto mgongoni, majirani wakitazama. Mwanzo alikuwa akiimba ili asikose wakati. Baada ya juma moja aliweza kuliwasha huku anamenya viazi.

Jumapili ya kwanza ya kwenda kumchukua mama ili azoee gari, nikaketi, nikatazama kioo cha juu, kile cha kuonea nyuma. Nikaona sakafu yote ya nyuma, kuanzia migongo ya viti hadi mlangoni. Nikafahamu kwamba mama akiketi pale nitakuwa namtazama uso kwa uso maili zote, na kila nikiinua macho nitakuwa namvunjia heshima. Nikakisukuma kioo juu hadi kikaonyesha paa.

Mke wangu akauliza, "Sasa nyuma utaona na nini?"

"Nyuma kuna mama yako," nikamwambia. Hakuuliza tena. Aliweka mkono wake juu ya goti langu bovu akauacha hapo kitambo.

Ruiru niliegesha gari, nikaenda kusimama nyuma ya stoo ya kahawa mpaka niliposikia mlango umefungwa. Mama alikuwa ameingia kwa mlango wake, ameketi juu ya godoro akitazama nyuma, miguu ameinyoosha, mgongo wake umeelekea migongo yetu. Tulikwenda hivyo hadi karibu na Juja, tukarudi. Njiani alimuuliza binti yake kama ndani ya gari kuna kioo, maana alikuwa amesikia kwamba magari yana vioo vya kuchungulia watu. Mke wangu akamjibu kwamba kipo, lakini kinatazama paa. Sikusikia jibu la mama. Nilisikia tu ameanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Ilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni, Mkikuyu asiweze kusafiri bila pasi, na barabarani kulikuwa na vizuizi. Mara moja askari alinisimamisha, akachungulia, akaniuliza kwa ukali kwa nini kioo changu kimeangalia juu, nataka kuua watu? Nikamwambia nimembeba mama mkwe. Alikuwa mtu wa kwetu. Papo hapo akatoa kichwa dirishani, akainamisha macho, akainua kizuizi bila kuuliza karatasi. Tulicheka sana mimi na mke wangu, lakini kicheko hicho kilikuwa na uchungu ndani yake. Jirani yetu Mkikuyu, mama wa watoto wanne, alikuwa na mama yake mgonjwa kule Kalimoni, karibu kuliko Ruiru, na alikuwa amenyimwa pasi ya kwenda kumwona. Nilipita mbele ya mlango wake na gari langu, na siku hizo sikujua niweke wapi uso wangu.

Mwezi wa kwanza wa daktari ulipita tukitafuta gari. Wa pili mama alikuwa na kikohozi, daktari akasema jicho halikatwi kwa mtu anayekohoa. Ikabaki siku moja tu. Na alfajiri ya siku hiyo mtoto wetu akaamka na homa kali, mwili unawaka. Mke wangu alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyetaja wale wawili tuliowazika. Akasema, "Nenda peke yako. Mwambie kaka amwambie mama nimebaki kuuguza uso anaotaka kuuona." Jirani yetu yule akaja kukanyaga mafuta, gari likawaka, nikaondoka.

Ruiru kahawa ilikuwa imeiva na shemeji hakuweza kutoka. Yeye alimwingiza mama nyuma, yeye akafunga mlango. Injini sikuizima hata dakika moja. Tukaanza safari, mimi mbele, yeye nyuma, kila mmoja akitazama upande wake wa dunia. Hakuimba. Nilitaka kumwambia asiogope, lakini ningemwambia kwa njia gani?

Karibu na njia panda ya kwenda Kalimoni gari likapiga chafya mbili, likapunguza mwendo, likazimika.

Nilishuka na hendeli. Nilizungusha mara kumi, labda kumi na tano. Kila mara injini ilikohoa mara moja, ikakohoa mara mbili, ikasubiri mguu, ikakosa mguu, ikafa. Nilijaribu kukimbia kutoka mbele hadi kwenye pedeli, na magoti yangu yale, mpaka nikaanguka. Barabara ilikuwa tupu. Siku nyingine pangekuwa na wanawake wanaotoka kuchuma kahawa, watu wa baiskeli, mtu yeyote, lakini miezi ile watu walitembea kwa pasi na kwa hofu, na sehemu ile hakukuwa na nafsi. Jua lilikuwa limepanda. Daktari angeondoka saa sita, na akiondoka hangerudi tena.

Nilivua koti. Nilisimama mbele ya gari nikitweta, nikakumbuka maneno ya yule mama wa Kizungu, nikalisemesha kweli, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.

"Wewe gari," nikasema, "daktari anaondoka saa sita. Huna ubaya wewe, umekosa mguu tu. Kungekuwa na mguu mmoja wa kukanyaga mafuta, ungewaka."

Nilisikia ndege kwenye nyasi. Halafu kutoka nyuma, sauti ile niliyoijua miaka sita ikasema, "Wewe gari, mwambie huyo anayekuzungusha ainamishe uso."

Niliinama hadi paji langu likagusa bati la moto. Nikasikia mlango wa nyuma ukisukumwa, fimbo ikaanguka, nyayo zikagusa changarawe. Kisha kiganja kikipapasa ubavu wa gari, polepole, kikitafuta njia: dirisha, mlango, kitasa. Kiti changu kikalia chini ya uzito wake. Kiti changu, bado kina joto langu. Kwa mtu asiye wa kwetu hilo si kitu. Mimi mwili mzima ulinisisimka. Nikaliambia gari kwamba pedeli ya mafuta ni ile ya kulia.

"Gari, mwambie azungushe."

Nikazungusha. Injini ikakohoa mara moja. Ikakohoa mara mbili. Na mguu wa mama yule, ambao hakuna aliyewahi kuufundisha wakati wa kukanyaga, ukakanyaga nusu, wala si zaidi, gari likanguruma likakaa. Jumapili zote zile alizoketi ametupa mgongo, alikuwa anasikiliza mguu wa binti yake.

Nikabaki nimeinama. Akaliambia gari linisubirishe ashuke kwanza, akarudi kwa njia ile ile ya kiganja, nikangoja mpaka mlango uliposhuka na kugonga. Nilipoketi kwenye kiti changu nililia. Sioni aibu kusema. Kioo kilikuwa kinatazama paa, na hakuna aliyeniona.

Tulifika saa tano na nusu. Daktari alikuwa amekwisha kuvaa koti la safari; akalivua, akanawa mikono.

Homa ya mtoto ilishuka siku ya pili. Wazee wa kwetu waliokuwa Thika waliposikia habari ya kiti walisema heshima imepasuka na lazima ishonwe, kwa hiyo nilimpelekea mama kuku kwa mkono wa mke wangu, na yeye akaniletea kuku kwa mkono huo huo. Siku ya kumi na moja tukamtoa wodini amelala chali, mifuko ya mchanga pande zote mbili za kichwa, jicho limefungwa bendeji. Nilimwendesha kutoka Thika hadi Ruiru kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baiskeli zilitupita. Mzee mmoja mwenye mzigo wa kuni alitupita. Mke wangu alikaa nyuma ameshika kile kichwa kwa mikono miwili, na kila shimo nililoliona barabarani nilikuwa nimeliona mara mbili kabla ya kulifikia.

Baada ya majuma kadhaa nesi akatuma habari kwamba miwani imefika. Daktari alikuwa ameondoka, ameiacha ije kwa meli. Tulimchukua mama mapema, tukamleta Thika, wakaingia hospitalini yeye, mke wangu na mtoto. Mimi nilibaki nje, nikafungua boneti, nikatia kichwa humo ili wakitoka nisionane na mama. Nilijifanya nakaza nati moja. Sikuwa nakaza kitu.

Walipotoka nilisikiliza nyayo zao. Zilikuwa zikija za watu wawili, na za mkubwa zilikuwa zinakwenda mbele, hazishikwi mkono. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Nikamsikia mke wangu akisema, "Mpokee." Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mama alimtazama mtoto kidole kimoja kimoja, mikono na miguu, halafu masikio, na uso akauacha wa mwisho.

Mke wangu akaja kukanyaga mafuta, gari likawaka, tukaondoka kuelekea Ruiru. Mtoto alikuwa nyuma na bibi yake. Nilisikia pumzi zao, na nikahisi zinatoka mahali pasipo pa kawaida. Mke wangu aligeuka, akatazama nyuma, akageuka tena mbele haraka. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba mama hakuwa ameketi akitazama tulikotoka. Alikuwa ametazama mbele, mtoto magotini, miwani ile minene usoni.

Tulipofika njia panda ya kwenda Kalimoni akanena. Hakupitia kwa binti yake, hakupitia kwa mtoto, hakupitia kwa gari.

"Mkwe," akasema, "shusha hicho kioo. Utatugongesha, na huku kuna mtoto."

Mke wangu akageukia dirishani, akaitazama kahawa kana kwamba hajapata kuiona. Nikakishika kioo, nikakivuta chini kidogo kidogo. Kwanza lilikuwa paa. Halafu dirisha la nyuma na barabara nyekundu. Halafu kitambaa cheupe cha kichwani, na chini yake macho, makubwa nyuma ya vioo, yamenielekea. Hakuinamisha uso, na mimi sikuinamisha wangu. Alinitazama, akamtazama mtoto, akanitazama tena.

"Kumbe," akasema, "hii pua ni yako."